Kipimajoto cha bunduki kwa jiko la mawe: nilichouziwa Ngamiani

Kiganja cha kijana wetu wa kazi kimebabuka, na aliyetuuzia kifaa kilichosababisha hayo ameniambia mbele ya wateja wake kwamba pengine sijui kusoma namba. Naandika nikiwa bado na hasira, wala sitaki ipoe kwanza.

Tuna nyumba ya wageni Lushoto. Watu wa Tanga mjini waliozoea joto la pwani hupanda huku Juni na Julai na mashati mepesi, usiku ukiingia wanaomba mablanketi ya ziada. Sebuleni kuna jiko la kuni la mawe, jiwe laini la jamii ya lile ambalo wachongaji wa Kisii hulitengenezea vinyago. Hili letu lilitoka Ufini. Uzuri wake ni kwamba jiwe linameza joto taratibu na kulitoa taratibu: unawasha jioni, moto unazimika, na alfajiri ukigusa ubavu wake bado una uvuguvugu. Ila lina masharti. Likikaa muda mrefu bila kuwashwa, hasa baada ya masika, jiwe hunyonya unyevu, na ukiliwashia moto mkali kwa ghafla linaweza kupasuka. Ukiogopa hilo ukawasha moto wa kusinzia, kuni za mwati zikafuka bila kushika sawasawa, moshi unapoa ndani ya bomba na kuacha lami nyeusi. Moshi ukishuka chini ya nyuzi 120 hivi, lami hiyo huganda kwa wingi, na siku ikishika moto bomba zima linawaka kwa ndani. Na juu ya bomba kuna paa, na chini ya paa kuna wageni wamelala.

Zile saa za kupimia joto, za sumaku za kubandika, hazishiki kwenye jiwe. Ndiyo maana niliposhuka Tanga niliingia duka moja la vifaa Ngamiani kutafuta kipimajoto cha bunduki, cha kuelekeza na kubonyeza. Nilimweleza muuzaji kila kitu: jiko la mawe, moto wa kuni, bomba jipya la stenlesi linalong'aa. Hakuniamkia. Macho hayakutoka kwenye simu. Akasema, "Hii inapima chochote, bi mkubwa." Chochote. Hilo ndilo nililolipia.

Lazima niseme haki: kwenye jiwe kilitupa raha. Ubavu wa jiko ukifika kati ya nyuzi 60 na 80 sebule nzima inakuwa na joto zuri, na tukaweza kuona siku gani tumepakia kuni kupita kiasi. Kama ningeandika wiki ile ya kwanza ningekisifia tu, na wenye majiko ya namna hii wangenishukuru.

Kisha kibano cha bomba kikalegea, moshi ukaanza kuvuja sebuleni na wageni wamekaa. Kijana akalenga bomba: nyuzi 57. Akalenga tena palepale: 57. Akakunja kitambaa, akashika ili akaze. Ukelele alioutoa bado ninao masikioni.

Nilirudi dukani na kifaa na boksi lake. Nikamwambia, "Mwanangu, hiki kimesema hamsini na saba, na mtu ameungua kiganja." Akakigeuza geuza, akakilenga ukutani, kikasoma joto la chumba. "Mashine haidanganyi, bi mkubwa. Labda hamjui kusoma namba. Na mali ikishauzwa hairudi." Wateja wawili wakacheka. Mimi nimekulia Tanga hii. Mzee au kijana, mtu alikuwa haingii dukani bila kuamkiwa, na akileta malalamiko alipewa kiti kwanza. Sasa mtu mzima anapeleka habari ya kijana aliyeungua anajibiwa hajui kusoma.

Aliyenifungua macho ni fundi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya mvuke. Hakuniuzia kitu wala hakunicheka. Alieleza hivi: kifaa hiki hakigusi kitu, kinasoma miale ya joto inayotoka juu yake. Jiwe, tofali, kitu cheusi kisichong'aa, hutoa miale kwa wingi, kwa hiyo namba inakaribia ukweli. Chuma kinachong'aa hutoa miale kidogo sana, na badala yake kinaakisi joto la kuta na vitu vilivyokizunguka. Kifaa changu kimefungwa kwenye 0.95, kipimo cha vitu vinavyotoa miale vizuri, na hakibadiliki. Kwa hiyo bomba linaweza kuwa na joto la kuunguza nyama na kioo kikaandika namba ya maji ya kuoga. Akaongeza kwamba ile nukta nyekundu ni ya kulengea tu. Kinachopimwa ni duara linalopanuka kadiri unavyorudi nyuma. Kwa changu, ukisimama sentimita 120, duara lina upana wa sentimita 10. Ukipima ukiwa mlangoni unapima bomba na ukuta kwa pamoja.

Dawa ilikuwa rahisi hata nikazidi kukasirika. Tulinunua rangi nyeusi ya kupulizia, ile ya ekzosi za bodaboda inayohimili moto na isiyong'aa, tukapaka kipande cha bomba likiwa limepoa. Moto wa ukubwa uleule uliosoma 57, sasa pale penye rangi unasoma nyuzi 190 na zaidi. Pembeni kidogo, palipobaki panang'aa, bado kinasema hamsini na kitu. Sentimita chache tu kutoka namba moja hadi nyingine! Sentensi moja ya muuzaji ingetosha.

Sasa tunapima sehemu mbili kila tunapowasha, kwa sababu jiwe linachelewa. Ubavu wake unasimulia moto uliowaka muda mrefu uliopita. Bomba lenye rangi ndilo linalosema moto ulivyo sasa hivi. Ukisubiri jiwe lipate joto ndipo upunguze hewa, umeshachelewa.

Je, ninakipendekeza? Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeamua kusema msikiguse. Nimefika hapa naona kifaa chenyewe hakina kosa kubwa, na kwa jiko la mawe sijaona kingine cha kukifikia kwa urahisi wa kutumia. Nyota nne. Lakini nikikumbuka kile kiganja narudi kwenye mbili, kwa sababu boksini hamna hata mstari mmoja unaoonya kuhusu chuma kinachong'aa. Basi ziwe tatu, kwa atakayenunua na kopo la rangi siku hiyohiyo. Duka sipi hata moja. Kijana bado anaenda zahanati kubadilishiwa bendeji, na gharama tunalipa sisi.