TTURH1C na pakiti ya PTUR: tathmini ya bodi inayosoma spidi ya tabaini

Tabaini ikitripu (ikijizima yenyewe) kwa hitilafu ya spidi, wa kwanza kulaumiwa ni bodi. Kwa TTURH1C ya GE, inayotumika kwenye mfumo wa Mark VIe wa kuendesha tabaini, lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Bodi ni imara. Kinachoisumbua ni sensa, kebo na mipangilio iliyojazwa haraka haraka.

TTURH1C yenyewe ni bodi ya teminali tu, mahali pa kufungia waya. Akili iko kwenye pakiti ya PTUR, kisanduku cha kielektroniki kinachochomekwa juu yake, moja au tatu, ikitumia volti 28 za DC. Pamoja na kusaidia kuunganisha jenereta na gridi, kazi yake kubwa ni kuhesabu mapigo kutoka kwenye sensa za sumaku zinazotazama gia ya meno kwenye shafti.

Hapo ndipo inapostahili sifa. Inasoma kuanzia hezi 2 hadi 20,000, na kwenye hezi 2 inatosheka na milivolti 27 tu za kilele. Kwa gia ya meno 60, hezi moja ni sawa na mzunguko mmoja kwa dakika, kwa hiyo bodi inaona shafti ikijivuta kwa mizunguko 2 tu. Usahihi ni asilimia 0.05 ya kinachosomwa: kwenye 3,000 kosa halizidi 1.5. Sensa inaweza kukaa hadi mita 300 kutoka kwenye paneli, mradi kebo ni ya jozi iliyosokotwa na yenye shildi (ganda la chuma la kuzuia kelele za umeme).

Kero inatokana na usikivu huohuo. Mtambo umesimama kabisa, lakini kwa gia hiyo ya meno 60 skrini inaonyesha mizunguko 50, imetulia pale pale? Hiyo si shafti, ni umeme wa gridi yetu wa hezi 50 ulioingia kwenye kebo. Tafuta shildi iliyofungwa athi (ardhini) pande zote mbili, au kebo ya sensa iliyolazwa kwenye trei moja na kebo za mota. Shildi ifungwe upande wa paneli peke yake, kwenye ukanda ulio kushoto mwa teminali. Upande wa sensa ikatwe na kufunikwa. Waya wa kawaida wa kengele kutoka Kariakoo, hata ukiwa mpya, haufai hapa.

Nafasi za sensa ni 12, zikigawanywa kwa pakiti tatu ziitwazo R, S na T: nne za R, nne za S, nne za T. Ukiwa na pakiti moja unatumia nne tu. Kwenye mfumo wa pakiti tatu, usirundike sensa zote upande wa R. S na T zitasoma sifuri na kontrola italalamika kwamba hazikubaliani. Kagua pia jampa (vichomeo vidogo vya kuchagua) JP1 na JP2, zinazochagua pakiti moja au tatu kwa relei za kuunganisha jenereta. Husahaulika sana bodi inapobadilishwa usiku.

Kosa la hatari kuliko yote liko kwenye programu. PRScale ndiyo idadi ya mapigo kwa mzunguko. Gia ikiwa na meno 60 na mtu akaandika 120, spidi itasomwa nusu. Mtambo uko 3,000, skrini inasema 1,500, na kinga ya msingi ya spidi kupita kiasi haitaamka inapotakiwa. Ndiyo maana kinga ya dharura ina sensa na pakiti zake nyingine, na haifai kabisa kuazima sensa upande mmoja kuziba pengo la mwingine. Kabla ya kuwasha, ingiza mawimbi ya hezi 1,000 kutoka kwenye jenereta ya mawimbi: kwa meno 60 lazima usome 1,000.

Sensa ikishukiwa, itoe kwanza kwenye teminali, kisha pima ohmu. Za kawaida huwa karibu na 200. Wazi kabisa maana yake koili imekatika. Usipige mega (kipimo cha insulesheni kinachotumia volti kubwa) waya ukiwa bado umefungwa kwenye bodi, utaua pakiti nzima. Mwanya kati ya sensa na jino ufuate kitabu cha mtambo wako, upimwe kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Kama nafasi ni finyu na uzi wa sensa ni 5/8-18, igusishe taratibu kwenye kichwa cha jino, hakikisha si bonde, kisha irudishe nyuma. Mzunguko mmoja kamili ni milimita 1.41, robo tatu ni kama 1.06. Mwanya ukiwa mkubwa, spidi ya juu itasomeka vizuri huku ya chini ikipotea, kwa sababu volti za sensa hupanda na kasi.

Kwa mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi, joto na unyevu wa Dar haviepukiki. Kiyoyozi cha chumba cha paneli kikizimwa wikendi kisha kikawashwa Jumatatu, skrubu za teminali huanza kushika kutu ya kijani. Zikaguliwe kila matengenezo.

Ukiagiza kwa wauzaji wa mitandaoni, omba picha ya lebo na usome herufi ya mwisho. TTURH1B ni ya Mark VI yenye kadi ya VTUR na hufungwa kwa kebo. PTUR inataka H1C. Zinafanana sana kwenye picha, na kurudisha mzigo ukishatolewa forodhani ni shughuli nyingine.