Uwakala wa Malipo ya Mtandaoni kwa Watengeneza Tovuti: Tathmini Kutoka Mombasa

Huduma ninayoitathmini ni ya kampuni moja ya malipo yenye makao yake Nairobi, inayompa mtengeneza tovuti nafasi ya kuwauzia wateja wake mfumo wa kupokea pesa mtandaoni, kisha kumlipa kamisheni kwa kila muamala. Silitaji jina lake kwa sababu mkataba wa uwakala unakataza kutangaza viwango vyake, na pia kwa sababu washindani wake hufanya kazi kwa mtindo unaokaribiana sana na huo. Niliowaunganisha ni wafanyabiashara wadogo wa Mombasa: wenye maduka ya leso karibu na Marikiti, wenye nyumba za wageni za Nyali na Shanzu, pamoja na waandaaji wa safari za baharini.

Nianze na lililo bora kuliko yote. Kila mteja hufunguliwa akaunti yake, pesa za mauzo huingia humo moja kwa moja, na kamisheni ya wakala hukatwa na mfumo wenyewe na kupelekwa kando. Jambo hili huonekana dogo mpaka umfikirie fundi wa tovuti anayekusanya mauzo ya wateja wake wote katika Paybill moja (namba ya M-Pesa ya kupokea malipo) iliyosajiliwa kwa jina lake, kisha kila Ijumaa akamgawia kila mtu chake. Mtu huyo, hata awe mwaminifu kiasi gani, ameshaingia katika kazi ambayo Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011 inamtaka anayeifanya awe na idhini ya Benki Kuu ya Kenya. Na siku akiugua, pesa za watu zimekwama.

Upande wa ufundi nao sina malalamiko makubwa. Mnunuzi mwenye kadi hupelekwa kwenye ukurasa wa kampuni, kwa hiyo namba za kadi hazipiti katika seva yangu, nami napunguziwa sehemu kubwa ya mzigo wa PCI DSS, yaani kanuni za usalama wa malipo ya kadi. Anayelipa kwa M-Pesa huona ombi likijitokeza kwenye simu, huingiza namba ya siri, na oda huandikwa kuwa imelipwa kabla hajaiweka simu chini. Mtandao ukiwa mzito ombi huchelewa, mnunuzi hubofya tena, na mara nyingine hukatwa mara mbili. Mfumo hulitambua kosa hilo upesi, ila kurejesha pesa kunamtaka mwenye duka aombe kwa maandishi.

Usajili ndio unaochosha. Kampuni inataka cheti cha biashara, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), kitambulisho cha mwenye biashara na uthibitisho wa akaunti ya benki, na majina yote sharti yafanane. Hapa kwetu duka linaweza kujulikana mji mzima kwa jina la babu aliyelianzisha, cheti kikawa na jina la mwanawe, na akaunti ya benki ikawa ya mjukuu anayekaa dukani. Hakuna udanganyifu wowote hapo, lakini wakaguzi wa Nairobi hurudisha maombi bila kueleza ni karatasi gani iliyowatatiza, na kazi ya kubahatisha humwangukia wakala.

Tuje kwenye gharama, ambapo naona wenzangu wengi wanawauzia wateja kitu wasichokihitaji. Tuchukue duka la leso linalouza doti tatu kwa shilingi 3,000. Kwa Till ya Lipa na M-Pesa, yaani namba ya duka ya kupokea malipo ya simu, ambayo makato yake kwa mwenye duka kwa muda mrefu yamekuwa asilimia 0.55, malipo hayo yanamgharimu shilingi 16.50. Yakipita kwa kampuni inayokata, tuseme, asilimia 3, kamisheni ya wakala ikiwa humo humo, atatoa shilingi 90. Ikiwa wanunuzi wake karibu wote wako Kenya na wanalipa kwa simu, tofauti hiyo hainunui chochote, kwa kuwa Till hiyohiyo inaweza kuunganishwa na tovuti kupitia mfumo wa Daraja wa Safaricom, na fundi akatoza ada ya kazi yake mara moja tu. Kampuni haipendi mawakala wake waseme hivyo. Mimi nawaambia wateja hata hivyo, kwa sababu mwenye duka atakuja kuyapiga hesabu mwenyewe siku moja.

Nyumba ya wageni ni habari nyingine. Mgeni wa Ujerumani au Uingereza hana M-Pesa, anataka kulipa kwa kadi kabla hajapanda ndege, na bili ya familia nzima kwa wiki mbili inaweza kuvuka shilingi 250,000, ambazo tangu Agosti 2023 ndizo kikomo cha muamala mmoja wa M-Pesa. Hapo asilimia 3 ni bei ya haki, na huduma hii inastahili kuuzwa bila kusita.

Pamoja na hayo, udhaifu mkubwa kuliko wote nimeuona kwenye nyumba hizohizo. Mwenye kadi ana haki ya kupinga malipo kupitia benki yake, mara nyingi kwa muda wa hadi siku 120. Mgeni mmoja aliyebadilisha safari alifanya hivyo, na kampuni ikazizuia pesa kwenye akaunti ya mteja wangu wa Shanzu na kudai vielelezo kwa tarehe maalumu. Barua pepe ilitumwa kwangu peke yangu, wakati wa sikukuu ya Idd, mwenye nyumba asipate hata ujumbe wa simu. Aliponipigia, alikuwa ameona salio limepungua bila maelezo.

“Mwanangu, hizi pesa zi wapi? Kazi nimekupa wewe, hao wa Nairobi mimi siwajui.”

“Mama, zimezuiliwa, hazijapotea. Nitafutie ile fomu aliyotia sahihi mgeni alipoweka nafasi.”

Fomu ilipatikana, pesa zikaachiliwa, lakini muda wote huo aliyekuwa akidaiwa majibu ni mimi, ambaye sina uwezo wa kuachilia hata shilingi moja. Nyumba inayoingiza shilingi 400,000 kwa mwezi kwa kadi humpa wakala, kwa kamisheni ya asilimia 0.5, shilingi 2,000. Ugomvi mmoja wa aina hiyo huzimaliza. Tena mkataba unataka mauzo ya kiwango fulani kila mwezi ili wakala abaki kwenye daraja lake la kamisheni, sharti ambalo bila shaka liliandikwa na mtu asiyejua hoteli za Pwani zinavyokuwa tupu kati ya Aprili na Juni, mvua za masika zinaponyesha.

Kwa sasa naiuza kwa nyumba za wageni na wenye safari za baharini tu, na katika mkataba wangu nimeongeza kifungu kinachoeleza kwamba pesa hushikwa na kampuni, kwamba mteja atasajili barua pepe na simu yake mwenyewe kwa taarifa zote za pingamizi, na kwamba atahifadhi fomu ya kila mgeni mpaka siku 120 zipite.