Kiti cha Baba Mwenye Nyumba: Ziara ya Makumbusho Huko Massachusetts

Anayefika katika nyumba hii ya makumbusho, iliyo katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, akitarajia samani za kupendeza macho tu atashangaa, kwani imepangwa kwa kufuata orodha za mirathi za karne ya 17 na ya 18, zile zilizoandikwa na wakadiriaji waliopita chumba hadi chumba baada ya mazishi, wakikitia thamani kila kitu, kuanzia vyungu hadi shuka.

Chumba cha kwanza kinatosha kulipia kiingilio. Kina kiti kimoja tu chenye mikono, kizito, cha mti wa mwaloni, alichokikalia baba mwenye nyumba au mgeni wa heshima, ilhali wengine waliketi kwenye mabenchi, vigoda na makasha. Zulia limetandikwa mezani, kwa kuwa lilihesabiwa kuwa la thamani mno kukanyagwa. Kitanda chenye godoro la manyoya na mapazia kimo humohumo ukumbini, mbele ya wageni, na si ajabu: mara nyingi hakuna samani nyingine iliyokipita kwa bei.

Nilikawia zaidi mbele ya kikombe kikubwa cha fedha chenye kifuniko. Juu ya mkono wake zimechorwa herufi tatu zilizokaa kama mafiga: ya juu ni ya jina la ukoo, na mbili za chini ni za majina ya mume na mke. Wakati huo benki hazikuwapo, hivyo mwenye sarafu za fedha alimpelekea sonara aziyeyushe na kumfulia chombo, ili utajiri wake uonekane mezani na, ukiibiwa, utambulike.

Chumba cha chai, pamoja na vikombe vyake vya kaure kutoka China, ni kizuri, ingawa aliyezoea makumbusho hataona jipya.

Malalamiko yangu ni kuhusu jikoni, tulikopitishwa mbio. Huko ndiko ziliko sahani za mbao, ambazo pengine watu wawili walichangia moja, na nyuma ya mlango imebandikwa nakala ya orodha ambamo mtumwa ametiwa bei katika safu moja na ng'ombe. Sheria ya Massachusetts iliutambua utumwa tangu 1641, lakini mwongozaji wetu, aliyekisifu kikombe kwa robo saa nzima, hakuutaja hata kwa neno moja. Ukienda, mwombe aanzie jikoni. Kuna mlango wa uani.