TAHADHARI: Muuzaji wa Gotha G.IV na stika bandia za rangi za usiku

Ndugu wanamodeli, ninaandika nikiwa na hasira na sitajifanya kwamba sina. Yupo muuzaji anayezunguka katika masoko ya mtandaoni akitangaza seti adimu za plastiki za kuunganisha modeli za ndege za Vita Kuu ya Kwanza, hasa zile kubwa za mabomu zenye bawa moja juu ya jingine, na amekula fedha yangu kwa seti ya Gotha G.IV, ndege ya mabomu ya Kijerumani, ya kipimo cha 1/32 ambayo haiwezi kuunganishwa ikawa ndege. Jina analolitumia silitaji, kwa sababu amekwisha kulibadilisha na atalibadilisha tena. Nitaeleza alivyonifanyia, ili akitokea kwenu mumtambue kwa mwenendo wake.

Kwa nini niliitaka Gotha hiyo na si nyingine, wengi wenu mmenisikia nikilisema hadi mkachoka. Kwa aliyejiunga karibuni, itoshe kujua kwamba sikutaka ile ya rangi nyeupe-nyeupe ambayo kila mtu anayo kabatini. Gotha zilishambulia Folkestone tarehe 25 Mei 1917 na London tarehe 13 Juni mwaka huo huo mchana kweupe, lakini ulinzi wa Waingereza ulipoimarika, kuanzia Septemba zikawa zinakuja usiku, na rangi nazo zikabadilika zikawa za giza. Wajerumani walikuwa na kitambaa kilichochapishwa tangu kiwandani maumbo ya pembe nyingi yanayoshikana, jambo lililowaokolea kazi ya kupaka rangi pamoja na uzito wa rangi yenyewe. Bluu nzito, zambarau, kijani kinachokaribia weusi: mabawa yaliyovikwa hivyo ni kitu ambacho macho hayakizoei hata baada ya kukitazama kwa muda mrefu, na ndiyo modeli niliyoazimia kuijenga.

Sasa fikirini kazi yenyewe. Bawa la G.IV lilikuwa na upana wa mita 23.7, ambazo kwa kipimo cha 1/32 ni takribani sentimita 74, na bawa ni la juu na la chini, kila moja likiwa na uso wa juu na uso wa chini. Kuchora maumbo hayo kwa brashi, moja baada ya jingine, ni adhabu. Ndiyo maana stika za maji, yaani zile zinazoloweshwa ili filamu yenye rangi iachie karatasi na kubandikwa, zilizochapishwa mchoro huo ni roho ya modeli ya namna hii, na asiye nazo anabaki na plastiki ya kijivu tu. Seti yenyewe nayo haipatikani dukani, kwa kuwa Wingnut Wings ya New Zealand, iliyokuwa ikizitengeneza, ilifunga shughuli zake mwaka 2020, na tangu hapo zilizobaki zinapita mkono kwa mkono. Mtu huyu alikuwa akiuza vyote viwili kwa pamoja, yaani seti kamili na karatasi za stika za usiku zilizochapishwa na mchapaji mwingine ambaye haendelei kuzichapisha.

Sitaki mtu aniambie kwamba nilikurupuka. Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini ni kwamba alinisahihisha. Nilimwandikia kwamba nitabandika mchoro huo ndege nzima, naye akanijibu kwa upole kwamba mwili wa G.IV ulifunikwa kwa plaiwudi na si kwa kitambaa, kwa hiyo kitambaa kilichochapishwa ni habari ya mabawa na mkia, na kwenye mwili itanibidi nitumie rangi ya kawaida. Jibu hilo ni sahihi kabisa. Akaendelea kunieleza kwamba baadhi ya G.IV zilizoundwa na LVG, kampuni nyingine ya Kijerumani, zilipelekwa Austria-Hungaria zikafungwa injini za Hiero badala ya Mercedes, kwa hiyo nikitaka ndege ya Kijerumani nisichanganye picha za hizo na za zile zilizoruka kwenda Uingereza. Akaniuliza kama nitauacha wazi ule uwazi wa chini ya mwili ambao mpiga bunduki wa nyuma aliutumia kulenga ndege zinazokuja kwa chini. Ni tapeli gani anayeuliza swali kama hilo? Nimenunua kwa watu waaminifu ambao hawakuweza kutofautisha Gotha na Handley Page, ndege ya mabomu ya Waingereza.

Jambo la pili ni simu ya video, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu kila nikiikumbuka uso unanichoma. Nilimwomba aandike jina langu na tarehe ya siku hiyo kwenye kipande cha karatasi akiweke juu ya sanduku, kama tunavyoshauriana sisi wenyewe kila siku. Aliandika nikimtazama, kwa kalamu ya wino mweusi, akakiegemeza kwenye kona ya sanduku. Akafungua kifuniko taratibu, akatoa fremu za plastiki zinazoshikilia vipande vya modeli moja baada ya nyingine zikiwa bado ndani ya mifuko yake ya nailoni, akizihesabu kwa sauti na kuzilinganisha na kitabu cha maelekezo. Nilipomwomba anionyeshe nusu za bawa la juu aliziinua hadi zikajaa skrini, nikaona kwa macho yangu mistari ya mbavu za bawa na mashimo ya kuingizia nguzo. Kisha akazifikia stika. Aliitoa karatasi ya kwanza, akaiinamisha kuelekea dirishani, na mwanga ulipoipitia nikaona rangi nzito zisizo na mawingu, na ukingo mwembamba wa filamu ukimetameta pembeni. Kidole chake kilipita kando ya karatasi bila kuigusa sehemu yenye rangi, jambo ambalo hulifanya mtu anayejua madhara ya mafuta ya ngozi juu ya stika kongwe. Nilichokiona kwenye skrini kilikuwa halisi, na hadi leo ninasimama hapo. Akaanza kurudisha vitu sandukuni, akasema anatafuta utepe wa kufungia, na simu ikakatika. Aliponipigia tena, sanduku lilikuwa limekwisha kufungwa na kuzungushiwa utepe kila upande, naye akaomba radhi kwa ubovu wa mtandao.

Malipo aliomba niyatume kama fedha anazotumiwa rafiki, ili huduma ya malipo isimkate ada, na kwa kufanya hivyo akakubali kubeba gharama za usafirishaji. Nilikubali. Na kabla hamjaninyooshea kidole, ni wangapi kati yenu mmenunua kwangu au kuniuzia kwa njia hiyo hiyo pasipo neno lolote?

Mzigo ulipofika ulikuwa na uzito uleule, sanduku lilikuwa lenyewe, na ndani yake kile kipande cha karatasi chenye jina langu kilikuwa kimewekwa juu kabisa, sijui kwa dharau au kwa utaratibu. Injini zipo, nguzo zipo, magurudumu yapo. Fremu ya bawa la chini imo mara mbili, na fremu ya bawa la juu haimo. Mtu anayehesabu mifuko tu bila kuifungua angepata idadi kamili na kulala usingizi. Nikazishika stika. Kwenye kioo cha kukuzia, kila umbo lilikuwa limejaa vitone vidogo vya rangi vya printa ya kawaida ya wino, ilhali karatasi niliyoonyeshwa ilikuwa na rangi iliyojaa. Chini ya rangi hakuna tabaka jeupe hata kidogo, na anayezijua stika anaelewa maana yake: ukizibandika juu ya plastiki ya kijivu au rangi nyeusi, mchoro wote unamezwa na kilicho chini. Nilikata kipande kidogo cha pembeni nikakitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, na kabla filamu haijaachia karatasi maji yalikwisha kuwa ya zambarau. Hakujisumbua hata kupulizia vanishi ya kuukinga wino. Mtu aliyejifanya anaogopa kugusa stika kwa kidole alichapisha nakala nyumbani na kuniuzia wino unaoyeyuka.

Nilimwandikia kwa adabu nikidhani pengine amechanganya maboksi. Kwanza alisema stika zikikaa sana huchakaa. Kisha akaniuliza kama maji yangu hayakuwa ya moto mno. Nilipomtajia vitone na fremu iliyorudiwa alinyamaza, na baadaye nikagundua kwamba amenifungia, siwezi tena kumwandikia wala kuona matangazo yake. Huduma ya malipo ilinijibu kwamba fedha zilizotumwa kwa rafiki hazina kinga ya mnunuzi, wakaishia hapo.

Kilichonikasirisha zaidi nilikijua baada ya kuulizauliza. Mwenzetu mmoja alinunua kwake fremu ya bawa la juu la Gotha hiyohiyo kama kipuri, imefungwa vizuri, haina mkwaruzo. Mwingine alinunua karatasi za stika za usiku peke yake na anasema ni nzuri ajabu. Yaani seti moja halisi anaionyesha kwa kila mteja kwenye simu, kisha anaikatakata na kuiuza vipande, na aliyelipia seti nzima anapelekewa masazo na nakala. Na anao wateja wanaomsifu kwa dhati, kwa kuwa wao walipata vipande halisi, na sifa zao ndizo nilizozisoma kabla ya kumtumia hata salamu.

Mtu huyu anastahili kufungiwa katika kila soko analouzia, na si kwa jina la akaunti tu, bali kwa namba ya simu na kwa njia anayopokelea fedha, maana jina anabadilisha kama shati. Wanaosimamia masoko hayo waache kutuambia tusuluhishane wenyewe. Huu ni udanganyifu uliopangwa, na mtu anayechapa bidhaa bandia na kubadilisha vilivyomo sandukuni anapaswa kufikishwa polisi. Tayari nimepeleka malalamiko yangu na ninawaomba waliopatwa kama mimi wapeleke yao, kwa sababu lalamiko la mtu mmoja huonekana ni ugomvi wa biashara, lakini yakiwa mengi yanayofanana neno kwa neno hakuna wa kuyapuuza. Anirudishie fedha yangu yote, na hata akirudisha sitaufuta ujumbe huu.

Mnaoniuliza mtamjuaje: simu hukatika wakati wa kufunga mzigo, kwa hiyo mwambieni afunge mkiwa mnamtazama hadi utepe wa mwisho, na mfuko wa kila fremu ufunguliwe ili herufi inayoitambulisha fremu hiyo isomeke. Akitaka malipo ya kirafiki, mwacheni. Ombeni picha ya karibu sana ya stika, si ya karatasi nzima. Matangazo yake yote yamepigwa picha juu ya meza ya kijani yenye alama ya kuungua pembeni, na sasa juu ya meza hiyo hiyo, chini ya jina jipya, kuna Handley Page O/400 ya 1/32 ambayo watu wameanza kuiulizia. Msiilipie. Rekodi ya simu, mazungumzo yetu yote na risiti ninazo, na yeyote anayetaka kuviambatisha kwenye malalamiko yake aniandikie nimtumie.