Hema la misimu minne katika hewa ya chumvi: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Hema langu la kwanza la mlimani liliharibikia kabatini, nyumbani kwangu Shangani mjini Mtwara, mbali kabisa na theluji. Nilikuwa nimelitumia mara moja tu, katika safari ya siku saba ya Kilimanjaro, kisha nikalikunja vizuri kama kanzu ya Idi na kuliweka juu ya kabati. Nakiri kwamba lilikuwa na unyevu kidogo. Miezi minane baadaye, mvua zilipokwisha, nililifungua na nikapokewa na harufu ya maziwa yaliyocheuliwa na mtoto mchanga. Kitambaa cha nje kilikuwa kimegandana, na nilipokivuta, utando wa ndani ulichunika vipande vipande kama ile ngozi nyembamba iliyo chini ya ganda la yai. Nilikipeleka kwa fundi cherehani ninayemwamini, nikidhani kwamba mishono ndiyo yenye tatizo. Alikishika, akakinusa, akanirudishia.

"Mwalimu," aliniambia, "uzi wake mzima. Kilichokufa ni dawa."

Alisema kweli. Dawa hiyo, kwa mahema mengi ya bei ya kati, ni poliyurethani, yaani utando wa plastiki unaopakwa upande wa ndani wa kitambaa ili maji yasipenye. Joto na unyevu vikikaa pamoja kwa muda mrefu, maji huuvunja utando huo kikemia, polepole, hadi unakuwa wa kunata na hatimaye unabanduka. Mtu anayeishi penye baridi na hewa kavu anaweza kukaa na hema la namna hiyo miaka mingi bila kuliona tatizo hilo, na ndiyo maana wauzaji wengi hawalitaji. Sisi tunaoishi mahali ambapo chumvi ya mezani hulowa ndani ya kopo lenye kifuniko tuna hesabu nyingine ya kupiga.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta hema la pili, sifa ya kwanza niliyoiangalia ilikuwa aina ya dawa. Nilitaka nailoni iliyopakwa silikoni pande zote mbili, kwa sababu silikoni haivunjwi na unyevu kwa namna ile. Kampuni ya Hilleberg ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1971, inajulikana kwa kitambaa cha aina hiyo, lakini bei ya hema lake jipya haikai katika mfuko wa mwalimu. Nililopata hatimaye ni la mtumba, la watu wawili, nililonunua Moshi kwa shilingi laki tisa kutoka kwa mwongozaji wa mlimani aliyeuziwa na mgeni. Chapa yake siitaji kwa kuwa toleo lenyewe halitengenezwi tena, na msomaji akilitafuta atapoteza muda wake. Kabla ya kulipa nilibandika kipande cha selotepu kwenye kitambaa cha nje, ndani na nje. Pande zote mbili selotepu iliteleza na kuanguka, kwa maana karibu hakuna kitu kinachoshika juu ya silikoni isipokuwa silikoni yenyewe.

Sifa hiyo ina upande wa pili. Mahema yenye poliyurethani huzibwa mishono kiwandani kwa utepe, lakini utepe huo nao haushiki juu ya silikoni, kwa hiyo mishono mtu huiziba mwenyewe. Nilinunua bomba la silikoni safi katika duka la vifaa vya ujenzi, nikailainisha kwa spiriti nyeupe, ile ya kuzimulia rangi, hadi ikawa kama uji mwepesi, nikaipaka kwa brashi ndogo, mshono kwa mshono, hema likiwa limesimamishwa uani. Kazi ilinichukua Jumamosi nzima, na watoto wa jirani walishinda hapo wakiuliza harusi ni ya nani. Tangu siku hiyo halijavuja.

Jina "misimu minne" lenyewe huwachanganya watu. Misimu inayotajwa ni ile ya Ulaya, pamoja na majira yake ya baridi yenye theluji, wala haihusiani na kaskazi na kusi za kwetu, ambako mvua nayo huja kwa msimu mmoja mrefu kuanzia mwishoni mwa mwaka. Wengi hudhani maana yake ni hema lenye joto zaidi. Kazi ya joto ni ya begi la kulalia na godoro; hema la aina hii limeundwa kwanza ili lisivunjike kwa upepo wala kuzama kwa uzito wa theluji. Langu lina fito nne za alumini zinazopishana mahali pengi, umbo liitwalo jiodesiki, ambalo wapanda milima wanalifahamu kupitia mahema kama VE 25 ya The North Face. Faida ya umbo hilo ni kwamba msukumo unaopiga ufito mmoja hugawanywa kwa fito nyingine, na hema linaweza kusimama lenyewe hata kabla ya kigingi cha kwanza kupigwa. Yapo pia mahema ya umbo la handaki, mepesi zaidi na yenye nafasi kubwa kwa uzito uleule, ila hayo yasipopata vigingi madhubuti hayasimami. Nilikuwa nimeshalala Barafu, ile kambi ya Kilimanjaro, najua ardhi yake ya mawe ilivyo, kwa hiyo hapo sikusita.

Kabla ya kulipandisha mlimani nililijaribu kwenye ufukwe wa Msimbati mwezi wa Julai, kusi ilipokuwa imeshika kasi. Kigingi cha kawaida katika mchanga ule ni mapambo tu: kamba ikivutwa mara mbili, kinatoka kama sindano kwenye siagi. Nilichukua magunia ya korosho yaliyochakaa, nikayajaza mchanga, nikafunga kamba za kukazia kwenye shingo zake, nikayafukia kwa kina cha mkono hadi kiwiko. Usiku kucha upepo ulilipiga hema ubavuni, fito zikijikunja kidogo na kurudi, na hakuna gunia lililosogea. Wapanda milima hufanya vivyo hivyo kwenye theluji, wakitumia mifuko iliyojazwa theluji na kushindiliwa. Ninashauri mtu ajifunzie pwani, penye vidole visivyokufa ganzi.

Kambi ya Barafu, katika njia ya Machame, iko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, na ardhi yake ni mawe matupu. Vigingi vyangu viwili vilipinda kabla sijapata wazo la kuviacha na kufungia kamba kwenye mawe makubwa. Kampuni za kupandisha wageni huja na mahema yao, na wapagazi walinitazama kama mtu aliyekwenda harusini na sahani yake. Usiku ulipoingia upepo uliongezeka, na hema moja la jirani, la aina ya kawaida ya majira ya joto, lilivunjika ufito, wenyewe wakahamia hema la kulia chakula. Langu lilitikisika na kupiga kelele, lakini paa lake halikushuka usoni mwetu hata mara moja. Alfajiri nilipowasha kurunzi niliona upande wa ndani wa kitambaa cha nje umefunikwa na chembe za barafu, pumzi zetu wenyewe zilizoganda. Kwa kuwa hema lina kuta mbili, chembe hizo zilianguka juu ya hema la ndani na kuteremka pembeni badala ya kutulowesha. Zipu ya kibaraza ilikuwa imeganda, nikalazimika kuishika kiganjani kwa dakika kadhaa ndipo ikakubali kufunguka.

Kasoro zake sitazificha. Lina uzito wa kilo 4 na zaidi, na kwa mtu anayejibebea mwenyewe huo si mzigo wa mzaha. Hema la ndani ni kitambaa kizima, halina wavu isipokuwa dirisha dogo juu ya mlango, kwa hiyo Mtwara mjini halilaliki, ni tanuri. Newala, karibu na Shimo la Mungu, ambako upepo wa usiku hupanda kutoka bondeni, nimelala humo bila shida. Nailoni nayo hunywa maji na kulegea, na usiku wa mvua lazima mtu atoke angalau mara moja kukaza kamba, jambo ambalo poliesta hailihitaji sana. Jua pia huila nailoni upesi, hivyo sikubali kuliacha limesimama mchana kutwa bila sababu.

Kulihifadhi ndiko kunakonipa kazi kuliko kulisimamisha. Nikitoka pwani naliosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na fito nazifuta moja moja kwenye maungio, kwa maana chumvi hula alumini taratibu na kuzigandisha zisitoke tena. Kisha hema hukaa kivulini siku mbili hadi likauke hata kwenye pindo za mishono. Halirudi katika mfuko wake wa kubana. Nalitia katika mfuko mpana wa kitambaa cha pamba na kulitundika chumbani, na kila mwezi nalishusha, nalinusa na kulitundika upya.

Kwa sasa tatizo lililobaki ni zipu. Mchanga wa Msimbati umekula kichwa cha zipu ya mlango, meno hayashikani vizuri upande wa chini, na fundi wangu ameniambia nisibadilishe zipu nzima kwanza, bali kichwa pekee, kwa shilingi 3,000. Nitampelekea Jumatatu.