Ati gari letu ni zee: uzoefu wangu kwenye kambi ya RV karibu na Great Smoky Mountains

Nyota ngapi nitaamua nikifika chini, maana hadi leo nikimkumbuka yule dada wa mapokezi damu inanichemka.

Kiangazi kilichopita tulitoka Louisville na RV yetu, ile gari ya kulala yenye jiko na choo humo humo, tukampeleka mama mkwe milimani Tennessee. Mama alikuja kututembelea kutoka Moshi, na usiku hulala na mashine ya kumsaidia kupumua. Kwa hiyo umeme kwetu si anasa. Ndani ya hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains yenyewe, kwenye kambi za Elkmont na Cades Cove, mandhari ni ya kumwaga na bei haiumi, lakini hakuna pa kuchomeka waya, hakuna bafu, na jenereta ni marufuku kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Basi ikabidi tutafute kambi ya watu binafsi nje ya hifadhi.

Kati ya miji ya jirani, Pigeon Forge niliiondoa mapema, ile foleni ya barabara kuu sitaki hata kuiota. Gatlinburg iko mlangoni kabisa mwa hifadhi ila mitaa yake imebana, na gari refu linakuwa mateso. Townsend kumetulia, na Cades Cove inakuwa karibu. Mwisho nikapata kambi kando ya mto, picha nzuri, sifa tele, nikalipa kianzio. Jina silitaji, wala siwaambii ni mji gani kati ya hiyo.

Tumefika, tumechoka. Dada akatoka ofisini bila salamu. Akalizunguka gari, simu mkononi, anapiga picha matairi, anapiga picha paa, anainama kuchungulia uvunguni. Mama mkwe akaniuliza dirishani, "Baba, huyo anakagua nini? Anataka kununua?"

"La mwaka gani hili?"

Nikamwambia 2006. Akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Sheria yao, ati, hawapokei gari lililozidi miaka kumi. Nikauliza sheria hiyo imeandikwa wapi, akanionyesha mstari mmoja chini kabisa ya fomu, herufi za kutafuta kwa miwani. Na kianzio? Hakirudishwi.

Niwe mkweli, sheria hii si yao peke yao. Kambi nyingi Marekani zinayo, na sababu yake inaeleweka: hawataki magari mabovu yanayovuja maji taka, wala watu wa kuja kuegesha na kuhamia moja kwa moja. Lakini letu lina rangi safi, matairi mapya, na halivuji hata tone. Tena hatua chache tu kutoka tulipokuwa tunabishana lilikuwepo tela la Airstream, yale ya alumini, la zamani kuliko mimi mwenyewe. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, "Hizo ni tofauti, hizo zinapendeza."

Zinapendeza! Kwa hiyo tatizo si umri. Sitasema tatizo lilikuwa nini, kwa sababu siwezi kulithibitisha. Mke wangu yeye alisema, tena kwa sauti.

Baada ya mabishano marefu meneja akapigiwa simu, tukaruhusiwa, "kwa mara hii tu," tukapewa nafasi ya mwisho nyuma ya mapipa ya taka. Ule upande wa mto tuliolipia tukauona kwa mbali.

Sasa nifanyeje, haki ni haki. Umeme haukutetereka usiku kucha, mashine ya mama ikafanya kazi bila kuzimika. Mabafu yalikuwa masafi kuliko ya hoteli nyingi nilizolala, maji ya moto tele. Mzee mmoja mfanyakazi wa pale akaja mwenyewe kutusaidia kuunganisha bomba la maji taka, akamwita mama mkwe "madam" na kutuonya Cades Cove tusiende Jumatano, maana miezi ile siku hiyo hawaruhusu magari kwenye ile barabara yake ya mzunguko ya maili 11. Pia akatukumbusha kwamba hifadhi haina kiingilio, ila tangu 2023 ukiegesha zaidi ya dakika 15 lazima uwe na kibali, dola 5 kwa siku. Tulikwenda siku nyingine, mama akamwona dubu na watoto wake, akapiga vigelegele ndani ya gari hadi nikamwomba apunguze.

Kwa hiyo nilishaanza kulainika. Nilikuwa nawaza nyota tatu, pengine nne. Halafu siku ya kuondoka, yule yule dada akanipa kikaratasi: ikiwa mmefurahia, tuandikieni maoni mazuri mtandaoni. Kwa uso mkavu! Hajaomba radhi, hajataja mapipa, hajarudisha hata tofauti ya bei.

Haya, nimeandika. Nyota moja, na hiyo ni ya yule mzee. Wenye gari la zamani, pigeni simu kabla ya kutoa hata senti, waulizeni umri wanaokubali na mwombe jibu kwa maandishi.

Mama mkwe anasema mwakani turudi pale pale, amependa dubu na bafu. Sawa. Ila mapokezi ataingia yeye.