Johannesburg Art Gallery: nilifuata Picasso, nikanaswa na Sekoto

Sina haja ya kuficha: nilikwenda kwa ajili ya Picasso. Mwaka 2014 nilikuwa Johannesburg kwa shughuli nyingine, nikabakiwa na nusu siku. Niliposikia kwamba jumba la sanaa la jiji lina kazi za magwiji wa Ulaya kama Picasso, Monet na Rodin, na kwamba kuingia ni bure, nikatafuta teksi.

Jumba liko Joubert Park, katikati ya jiji. Huku reli, huku bustani yenye watu wanaocheza sataranji na wapiga picha wanaosubiri wateja. Ukitoka kwenye kelele hizo ukaingia ndani, masikio yanachukua muda kuzoea ukimya. Jengo lenyewe lilichorwa na Edwin Lutyens, ambaye baadaye alishiriki kuusanifu mji wa New Delhi, na lina nguzo za mawe za kumwambia mgeni akae kwa adabu.

Aliyelipigania ni Florence Phillips, mke wa tajiri wa migodi Lionel Phillips. Aliuza pete yake ya almasi ili anunue picha za kwanza, kisha akawabana matajiri wenzao wa dhahabu wachangie. Kazi ya kuchagua akampa Hugh Lane, mfanyabiashara wa sanaa kutoka Ireland ambaye mwaka 1908 alikuwa ameanzisha jumba la sanaa la jiji la Dublin. Mkusanyo ulionyeshwa kwa mara ya kwanza 1910, na jengo likafunguliwa 1915, mwaka uleule Lane alipokufa maji meli ya Lusitania ilipozamishwa. Kwa hiyo usishangae kukuta Ulaya tele humo ndani. Fedha ilitoka chini ya ardhi ya Afrika, ikaenda London na Paris, ikarudi imekuwa mandhari ya mito ya Ufaransa. Picha ni nzuri, sibishi. Ya Monet ya majira ya kuchipua ilinisimamisha. Ila baada ya vyumba viwili vitatu nilianza kujiuliza wenyeji wako wapi.

Ndipo nikafika kwa Gerard Sekoto, mchoraji Mweusi wa Afrika Kusini. Picha yake ya nyumba za manjano za Sophiatown, mtaa wa hapohapo Johannesburg, si kubwa, na ungeweza kuipita ukiwa na haraka. Mimi nilikaa. Manjano yake ni ya jua la jioni juu ya ukuta uliochoka, na barabara ya vumbi inakuvuta uingie. Jumba liliinunua 1940, ikawa kazi ya kwanza ya msanii Mweusi kuingia humo. Miaka thelathini baada ya mkusanyo kuanza! Kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba Sekoto ilimbidi ajifanye mfagizi ndipo aingie kuiona kazi yake mwenyewe ukutani. Mwaka 1947 aliondoka kwenda Paris na hakurudi kuishi kwao. Kuanzia 1955 serikali ya makaburu ikawahamisha watu wa Sophiatown kwa nguvu na kuubomoa mtaa. Nyumba zile sasa ziko kwenye rangi tu.

Kingine usichopaswa kuruka ni mito ya mbao ya kulazia kichwa, ya Washona, Watsonga na wengineo. Bibi yangu angeielewa mara moja: nywele zimesukwa kwa siku nzima, huwezi kuzilalia ovyo. Kila mmoja umechongwa kwa namna yake, na mingine imeng'aa pale palipogusana na shingo miaka nenda miaka rudi. Kwangu hii ilizidi sanamu zote za shaba.

Kwa anayepanga kwenda: mkusanyo una kazi zaidi ya 9,000, hivyo kinachoanikwa ni sehemu ndogo, na picha unayoitaka huenda iko stoo siku hiyo. Ulizia kwanza pia kama pamefunguliwa, maana paa limekuwa tatizo la muda mrefu, na 2017 jumba lilifungwa kwa sababu ya maji ya mvua. Tenga saa mbili. Anzia kwa wasanii wa Afrika ukiwa bado na nguvu za miguu, si kama mimi niliyeanzia kwa Wafaransa.

Picasso je? Ni picha ya kichwa cha chale, yaani mchekeshaji, ya mwaka 1971. Niliipa dakika mbili, nikarudi kwenye nyumba za manjano.